Sizoni gani imeitendea haki komiki yake? Daredevil, The Boys, Invincible, Watchmen... tulinganishe

Kurasa_za_Kale:

Wakuu habari za jioni. Mpwa wangu yupo form two, anachora balaa, madaftari yake yote ukigeuza nyuma yamejaa majitu yenye misuli, na likizo hii kaniganda anataka tuangalie sizoni za masupahiro ila kwa sharti moja, tusome kwanza komiki halafu ndo tuangalie walivyoigeuza kuwa ya kwenye tv. Nimefurahi mno maana hiki kitu nimekifanya peke yangu miaka yote bila mtu wa kuongea naye. Sasa likizo ni wiki nne na bando lina mwisho, zote hatuwezi, naomba tulinganishe hapa tujue tuanze na ipi.

Kigezo changu mimi sio "imefuata kila kitu". Hicho nilishaacha zamani, maana kuna sizoni imefuata mpaka rangi ya viatu na bado imekufa, na kuna nyingine imebadilisha nusu ya stori na ukiiangalia unasema ndiyo, huyu mtu komiki ameisoma na imemuuma. Naangalia kama waliotengeneza waligundua kwa nini ile komiki iliandikwa.

Kwangu namba moja ni Daredevil ile ya Netflix, ilianza April 2015 ikaenda sizoni tatu, episodi 13 kila moja. Komiki ipo tangu 1964 ila kilichofuatwa sana ni kazi za Frank Miller, hasa Born Again ya 1986, yeye kaandika na David Mazzucchelli kachora. Mle ndani Kingpin, bosi wa majambazi, akishajua Matt Murdock, wakili kipofu, ndo Daredevil hakimbilii kumpiga, anaanza kumvua kitu kimoja kimoja, leseni ya uwakili, hela za benki, nyumba, mpaka jamaa anabaki barabarani. Na mchoraji kalionyesha hilo bila maneno. Yale matoleo ya mwanzo kila moja linafunguka Matt akiwa amelala, la kwanza kitandani kwake, linalofuata kwenye chumba cha gesti ya hovyo, linalofuata kajikunja kama mtoto tumboni katikati ya takataka za uchochoroni. Hapo ukurasa mmoja tu na ushajua ameshuka kiasi gani. Sizoni ya tatu, ya 2018, imebeba hiyo. Haijachukua kila tukio ila teksi inayotumbukia mtoni na Matt ndani ipo, mtawa Maggie yupo, na ule uchovu upo.

Na hata kabla ya hapo, sizoni ya kwanza episodi ya pili, ile ngumi ya kwenye korido anapoenda kumtoa mtoto aliyetekwa. Sie tumekulia kwenye mabanda ya video, steringi anapiga watu hamsini na shati halijatoka kwenye suruali. Huyu anapiga wawili anaegemea ukuta, anahema, waliolala wanaamka tena, anarudi, anawarukia hadi anapepesuka mwenyewe. Kamera iko pale pale koridoni, wakiingia chumbani huwaoni, unasikia tu kishindo halafu maikrowevu inaruka kutokea mlangoni inamkuta mtu kichwani. Hiyo ndo Daredevil niliyoisoma, binadamu anayechoka ila hakai chini.

Ya pili Invincible, ya tatu Watchmen ya HBO, ya nne The Boys. Karibuni mnisahihishe.

jirani_wa_Umoja:

Mkuu heshima yako lakini The Boys umeiweka mwisho kimakosa, hapo siwezi nyamaza. Mimi nimesoma ile komiki yote ya Garth Ennis na Darick Robertson, matoleo 72 kutoka 2006 mpaka 2012, na naongea nikiwa nimetulia, hii ni moja ya chache sana ambazo tv imeshinda kitabu. Komiki ina hasira tu. Ennis anawachukia hao masupahiro kiasi kwamba hawapi nafasi ya kuwa watu. Halafu kule Butcher na genge lake linalowawinda masupahiro wote wana nguvu za ile dawa, Compound V, so ni majitu yanapigana na majitu. Eric Kripke alipoileta Amazon 2019 akawaacha wakina Butcher wawe watu wa kawaida tu, wanavuja damu, wanaogopa, na hapo ndo stori ilipata uzito, kwa sababu sasa kila wakiingia chumba kimoja na Homelander, kiongozi wa masupahiro, wewe unayeangalia unashika kiti.

Cheki ile ya ndege. Kwenye komiki ni siku ya Septemba 11, Homelander na wenzake wanaharibu uokoaji na ndege inaishia kugonga Brooklyn Bridge. Ni mbaya, lakini unaisoma ni kama habari ya zamani. Kwenye sizoni ya kwanza, episodi ya nne, wako yeye na Maeve, supahiro mwenzake, ndani ya ndege iliyotekwa, yeye mwenyewe kwa macho yake anaunguza mitambo ya rubani kwa bahati mbaya, halafu anaamua basi, wote wafe, maana wakibaki hata wawili watasema. Maeve anamwomba achukue hata watoto. Anakataa, na anaanza kuwatisha abiria wakae mbali. Antony Starr sura yake haibadiliki kabisa hapo. Huo ukurasa haupo kwenye komiki na ndo The Boys yenyewe.

Na Black Noir, supahiro mwingine wa kundi la Homelander, waliosoma wanajua. Komiki ilikuja kusema mabaya mengi tuliyodhani ni ya Homelander yalikuwa ya Noir ambaye ni kloni yake. Mimi hiyo iliniudhi, ilimpunguzia Homelander mzigo. Tv ikaitupa, ikasema hapana, huyu amelelewa maabara bila mama bila baba, ubaya ni wake na ni wetu tuliomshangilia.

Mama Nasra:

Kaka Kurasa mimi sijui komiki ila nina vijana wawili rika la huyo mpwa wako. Hiyo The Boys niliikuta wanaangalia nikakaa nao dakika kumi, nikaizima. Sio ya mtoto wa form two kabisa, mna damu na mengine siwezi kuyaandika hapa. Hata hiyo namba moja yako, kuna yule mnene mwenye kipara anambamiza mtu kichwa na mlango wa gari mpaka... jamani. Angalia umri kwanza ndo ulinganishe utamu.

Fundi_Redio:

Mama Nasra kasema kweli, na Invincible nayo isikudanganye kwa sababu ni ya katuni, ile ina damu kuliko hizo nyingine zote. Akikua kidogo.

Ila kwa sisi wakubwa Invincible nadhani ndo mfano mzuri zaidi wa unachouliza mkuu, maana Robert Kirkman aliyeiandika komiki, 2003 mpaka 2018, matoleo 144, ndo huyo huyo yupo jikoni kwenye sizoni. Ni kama kapewa nafasi ya kuandika mara ya pili akiwa mtu mzima. Kwenye komiki Omni-Man, baba yake Invincible, anawaua wale Guardians, kundi la masupahiro, toleo la saba, kwenye tv kaliweka mwisho wa episodi ya kwanza kabisa. Watu walilalamika kwamba siri imetolewa mapema. Mimi naona kafanya akili kubwa, maana kuanzia hapo wewe unajua na familia yake haijui, wanakaa mezani wanakula na muuaji, kila akitabasamu unaumia.

Na aliyefaidika hapo ni mama, Debbie. Kwenye komiki ni mke wa nyumbani anayepigwa na habari kama sisi wengine. Kwenye tv anaikuta ile nguo ya mume wake ina damu, anaificha, anaipeleka kwa Art, fundi anayewashonea masupahiro, amwangalizie. Yaani mke anapeleleza ndoa yake mwenyewe na huku anapika chakula cha jioni. Halafu ile treni ya episodi ya nane, Omni-Man anamshika mwanawe mbele ya treni inayokuja ili abiria wote wapasukie kwenye mwili wa mtoto. Hiyo haikuchorwa popote, imeongezwa, na nilipoiona nilisimama nikazima kwanza. Amebadilisha na kazidi kuwa mwaminifu kwa alichokusudia.

usiku_wa_manane:

Watchmen iwe namba moja. Wenzangu wote mnaongelea sizoni zilizobadilisha komiki, Damon Lindelof 2019 hakubadilisha hata mstari, alikubali kila kilichotokea kwenye kitabu cha 1986 akaendelea mbele, miaka thelathini na kitu baadaye, mji wa Tulsa. Muvi ya 2009 ilifuata komiki fremu kwa fremu halafu ikaogopa mwisho, ikamwondoa yule pweza mkubwa anayeangushiwa New York. Sizoni ikamrudisha! Tena kwa kupitia mtu mmoja tu, Looking Glass, alikuwa kijana wa dini anahubiri kwenye maonyesho ng'ambo ya pili ya mto, yuko ndani ya chumba cha vioo pweza akianguka, anatoka nje kila mtu kafa. Mpaka uzee wake anavaa kofia yenye kitambaa cha kung'aa kama kioo ndani ili akili yake isije ikaguswa tena. Alan Moore kwenye kitabu alituonyesha maiti mitaani, Lindelof katuonyesha aliyebaki.

Na Hooded Justice. Kwenye komiki ni mtu wa kwanza kabisa kuvaa kinyago, ana kamba ya kitanzi shingoni, na hakuna anayetuambia kwa nini kitanzi. Tulisoma miaka yote tukapita pale kama ni urembo tu. Episodi ya sita inakwambia, huyu ni polisi mweusi New York 1938, aliyenusurika utotoni kuchomewa mtaa wao kule Tulsa 1921, na polisi wenzake weupe wakamfunika gunia wakamning'iniza mtini wakamshusha akiwa hai kama onyo. Anarudi nyumbani usiku na kamba bado iko shingoni na gunia mkononi, akiwa njiani anakuta watu wanaibiwa, analivaa lile gunia. Mimi hapo nilirudi kwenye kitabu nikafungua zile kurasa tena, kamba ni ile ile na mchoro ni ule ule, ila haikuwa ile niliyokuwa naiona.

Kurasa_za_Kale:

Usiku_wa_manane umeiongea vizuri mpaka nimepata hamu, ila nina neno hapo. Kitabu kile kile kinasema Hooded Justice kabla ya vita alikuwa akiusifia wazi wazi utawala wa Hitler. Na Hollis Mason, supahiro mwenzake wa zamani, anamdhania ni mzungu mmoja wa sarakasi, mbeba vyuma. Sasa unasema hakubadilisha hata mstari, huo mstari umeenda wapi? Mimi naipenda ile episodi ya sita kwa moyo wote, lakini tukiwa wakweli Lindelof alichagua kilichomfaa akakiruka kingine.

usiku_wa_manane:

Nakubali hilo la Hitler lipo na halijajibiwa, nimerudi kuangalia. La mbeba vyuma ni dhana ya Mason tu, hakuwa na uhakika. Lakini mkuu fikiria, mtu anayejipaka rangi nyeupe kuzunguka macho ili chini ya kinyago aonekane mzungu, atasema maneno gani mbele za watu wa 1939? Huo ni uelewa wangu mimi, sizoni haijasema.

jirani_wa_Umoja:

Na nyinyi wa Daredevil mtuambie basi kuhusu Karen Page, mpenzi wa zamani wa Matt kwenye komiki. Born Again yote inaanza na yeye, amekuwa mraibu, yuko Mexico, anauza jina la Matt kwa sababu ya dozi moja. Hiyo ndo mbegu ya kila kitu. Netflix waliiondoa kabisa. Kwa kigezo chako wewe mwenyewe Kurasa, si hapo wameng'oa mti na kubakisha matawi?

Kurasa_za_Kale:

Swali zito hili na limenisumbua tangu 2018. Nilipoangalia mara ya kwanza nilikasirika. Kwenye komiki ukubwa wa Matt ni kwamba yule aliyemuuza anarudi, mwembamba, anaogopa, na Matt hamuulizi kitu, anamkumbatia tu. Ukimtoa Karen msaliti umetoa na ule msamaha.

Ila nikaangalia tena ile episodi ya kumi. Wamempeleka Karen nyuma, Vermont, ujana wake, dawa zipo, ajali ya gari ipo, mdogo wake anakufa humo na yeye ndo alikuwa anaendesha. Kwa hiyo uraibu na hatia hawakuvitupa, wamevihamisha kutoka kuwa kosa alilomfanyia mwanaume mwingine, vikawa mzigo wake mwenyewe anaoubeba. Yeye Karen kama mwanamke naona kapewa utu zaidi. Kama stori ya Matt naona imepungua. Yote mawili nayaona kweli na sitaki kudanganya kwamba moja linafuta lingine.

Bi Shungi:

Asalaam aleikum nduzangu. Mie niko Mombasa, nimesoma nyote hapo juu na hamna hata mmoja alotaja Ms. Marvel, na kwa mtoto wa form two anayechora hiyo ndo ingekuwa ya kwanza wallahi.

Komiki ni ya 2014, ameandika G. Willow Wilson, mchoraji Adrian Alphona. Kamala Khan, msichana wa Kipakistani, Jersey City, mama mkali, baba mpole, kaka yuwaswali sana. Sizoni ni ya 2022, episodi sita tu, bando lako litatosha. Nianze na kilichoniuma. Kwenye komiki nguvu yake ni mwili wake wenyewe, yuwarefuka, mkono wakua mkubwa kama meza, yuwabadilika sura. Na siku ya kwanza anapopata nguvu anaomba awe kama Carol Danvers, yule supahiro Captain Marvel anayempenda, akafunguka kutoka kwenye ukungu ni mzungu mwenye nywele za dhahabu na viatu virefu, vile vile alivyokuwa akitamani kitandani kwake. Na havimkai vizuri! Nywele zamsumbua, nguo zambana. Anamwokoa Zoe, yule yule msichana aliyekuwa akimdharau, kwenye maji, kwa mkono mkubwa, na huku bado ana sura ya mtu mwingine. Mie nlisoma hapo nikiwa chuo nkafunga kitabu nkalia kidogo, maana ni msichana gani wetu hajawahi kujitizama kwenye kioo akaomba ngozi nyingine. Stori yote ni yeye kujifunza kuokoa watu na uso wake. Kwenye tv wakambadilishia, nguvu zatoka kwenye bangili ya mama wa nyanya yake, ni mwanga mgumu kama vipande vya kioo. Wapendeza machoni, lakini mwili haubadiliki, na ile njaa ya kuwa mtu mwingine ikabaki kuwa nguo za kuvaa kwenye maonyesho tu.

Lakini wakaleta kitu ambacho komiki haikuwa nacho kiasi kile. Msikiti. Upande wa wanawake umechakaa na wa wanaume mzuri, viatu vyaibiwa mlangoni, rafikiye Nakia anaamua kugombea kamati ya msikiti. Mie nliona nkasema hawa wamewahi kuvua viatu kweli. Na ile bangili ikamvuta mpaka Karachi, kwa bibi yake, na episodi ya tano yuko stesheni ya treni 1947, India na Pakistan zinagawanywa, watu wanapandana juu ya mabehewa na vifurushi, mtoto anapotea na babake. Kwa hiyo walimnyang'anya mwili wakampa ukoo.

Na nguo! Komiki, Kamala anaikata ile nguo ya kuogelea ya kujisitiri anaigeuza vazi la kishujaa, peke yake, kwa siri. Kwenye tv mamake ndo anamletea vazi. Nimeshindwa kusema ipi nzuri.

Mzee wa Kaseti:

Vijana mmenikumbusha mbali. Sisi tulianza na Hulk wa 1977, Bill Bixby na yule mbeba vyuma Lou Ferrigno aliyepakwa rangi ya kijani mwili mzima. Hao walimbadilisha mpaka jina, Bruce akawa David, hana maadui wa kwenye komiki, haongei, kila mwisho wa episodi anabeba begi anaenda barabarani kuomba lifti. Na bado tulimpenda kwa sababu walishika jambo moja, mtu anayeogopa hasira yake.

Ila kijana Kurasa, umesema mpwa wako anachora. Basi achana na hizi zote kwa wiki ya kwanza, mwonyeshe Batman ile ya katuni ya 1992. Mandhari yake ilichorwa kwenye karatasi nyeusi. Wenzao wanachukua karatasi nyeupe wanaongeza giza, hawa walianza na giza wakaongeza mwanga. Mtoto anayechora ataelewa hapo hapo.

Na tena hiyo ndo iliyoirudishia komiki deni. Harley Quinn, yule msaidizi wa Joker, hakutoka kwenye komiki, alizaliwa mle kwenye tv Septemba 1992, komiki ndo zikamchukua baadaye. Mr. Freeze kwenye komiki ya 1959 alikuwa mwizi tu wa silaha ya barafu, tena akiitwa Mr. Zero, jina la Freeze lilitoka kwenye Batman ya tv ya miaka ya sitini. Ile katuni ikampa mke, Nora, mgonjwa, amegandishwa kwenye mtungi wakati mumewe anatafuta dawa, na tajiri mwenye maabara akazima mashine. Episodi inaisha Freeze yuko jela na kile kidude cha muziki chenye mcheza dansi ndani, theluji inaanguka, machozi yanamtoka. Katuni ya watoto ya dakika ishirini na kitu. Komiki zikamwacha Freeze wa zamani zikamchukua huyu. Kwa hiyo mkilinganisha msiangalie upande mmoja tu, maji yanapanda na kushuka.

Kurasa_za_Kale:

Mzee shikamoo, na Bi Shungi asante sana dada yangu. Sikuwa nimezifikiria hizo mbili na sasa naona orodha yangu niliipanga kwa ajili yangu mimi, sio kwa ajili yake.

Jana usiku tumesoma Ms. Marvel toleo la kwanza na la pili. Alifika pale Kamala anatoka na sura ya mzungu akaniuliza "mjomba mbona amechorwa kama amebanwa?", hata sikumwambia kitu, kaona mwenyewe kwenye mabega. Leo asubuhi tumeangalia ile ya Mr. Freeze. Ilipoisha hakusema neno, akaenda dukani akarudi na manila nyeusi na chaki mbili nyeupe, na mpaka muda huu naandika yupo sebuleni sakafuni, ameshachora kile kidude cha muziki na mkono ulioshika, uso bado. Daredevil tumekubaliana akimaliza form four.

Bi Shungi, toleo la tatu kuendelea unalo? Langu linaishia la pili.

Bi Shungi:

Ninalo mpaka la tano, yote kwenye kitabu kimoja. Nitumie ujumbe pembeni, kuna ndugu yangu anapanda basi la Dar Jumamosi. Na hiyo ya chaki akimaliza uso, tupigie picha uiweke hapa.